Mgeni Njoo, Mgeni Apone

Bingwa hana shida ya wa kumsifu. Liverpool wakiongoza ligi, hata aliyelala ataamka aandike. Manchester City wakibeba kombe, wino haukauki. Leo nataka kumsifu asiye na wa kumsifu: Manchester United ya katikati ya msimu wa 2024/25, ile iliyomaliza mzunguko wa kwanza ikiwa na pointi 22 katika mechi 19, nafasi ya 14, imefungwa mechi tisa. Naisifu kwa moyo mweupe. Atakayeona kuna kejeli humu ndani, ana lake.

Naanza na ukarimu, kwa sababu hapo timu ile haikuwa na mshindani. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Old Trafford, uwanja wake, Desemba ile ilikwenda mbele zaidi: mgeni alikuja, akapona yeye. Nottingham Forest walikuwa hawajashinda mechi ya ligi pale tangu 1994. Miaka 30 watu wanapanda basi, wanakwenda, wanarudi na ya kwao mabegani. Tarehe 7 Desemba wakafunguliwa mlango. Dakika ya pili tu Milenković akawa keshapachika kichwa cha kona wavuni, na mwisho wa siku wakaondoka na tatu kwa mbili. Tarehe 22 wakaja Bournemouth. Hawa njia walikuwa wanaijua, kwani Desemba 2023 walishakuja wakapewa tatu bila; safari hii nao wakapewa tatu bila, kipimo kilekile, hakikupungua hata punje. Tarehe 30 ikawa zamu ya Newcastle. Isak dakika ya nne, Joelinton dakika ya 19, wageni wameshashiba kabla maji ya kunawa hayajazunguka.

Mechi tatu za ligi mfululizo nyumbani, zote zimekwenda na wageni. Hilo lilikuwa halijatokea tangu 1979. Na ukarimu wenyewe haukuchagua mtu. Desemba hiyohiyo magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba Old Trafford kumekutwa kinyesi cha panya, na alama ya usafi wa chakula ikashushwa hadi mbili kati ya tano. Wenzangu wengi walikasirika. Mimi niliona mantiki yake: nyumba isiyomfukuza panya, Bournemouth itamfukuzia nini?

Kilele cha ukarimu huo kilifika Mei, nje kidogo ya habari yangu, lakini siwezi kukiruka. Tottenham walikuwa hawajaonja kombe lolote tangu 2008. Msimu ule walikuwa wabovu kuliko hata sisi, wakamaliza wa 17, nafasi moja tu juu ya wanaoshuka daraja. Tukakutana nao Bilbao, fainali ya Ligi ya Europa, tukawapa: moja bila. Ilikuwa mara ya nne ndani ya msimu mmoja kuwapa ushindi, mbili za ligi, moja ya Kombe la Carabao na hiyo ya Bilbao. Watu wanaulizana klabu kubwa zinawasaidiaje wenzao walioanguka. Kombe lile lilikwenda London, wakaulizie.

Lakini katika yote waliyotoa, kona ndizo zilizonigusa. Tarehe 19 Desemba, robo fainali ya Kombe la Carabao, Son Heung-min wa Tottenham alikwenda kibenderani, akapiga kona, mpira ukapinda ukaingia wavuni bila kuguswa na mtu. Kipa Bayındır akawa anamlalamikia mwamuzi kwamba amezuiwa. Mwamuzi akawa anatazama katikati ya uwanja. Sasa, bao la kona ya moja kwa moja ni kitu ambacho shabiki anaweza kuzeeka bila timu yake kufungwa hata mara moja. Sisi tulisubiri wiki. Tarehe 26, Boxing Day, uwanja wa Molineux, Bruno Fernandes akiwa keshatolewa kwa kadi nyekundu, Matheus Cunha wa Wolves naye akaenda kibenderani. Nafikiri unajua kilichofuata. Kibandani kwetu fundi mmoja wa pikipiki alikataa katakata. Alisema mwenye kibanda ametuwekea marudio ya mechi ya wiki iliyopita, arudishiwe hela yake. Ilibidi watu wamwonyeshe jezi za njano za Wolves, na hata hapo aliketi kwa shingo upande.

Maana mechi hizi hatuzitazamii Manchester. Tunazitazamia kibanda umiza, Dar es Salaam, mabati juu, mabenchi ya mbao yaliyokatwa kwa ajili ya watu wembamba, feni moja inayogeuza shingo kuelekea kila upande isipokuwa ulipokaa wewe. Nje pana ubao, na mwandiko wa chaki unaojulikana mtaa mzima: MAN U vs BOURNEMOUTH SAA 11. Kiingilio cha mechi nyingine mia tano. Ya United, buku. Mgeni angedhani bei imepanda kwa sababu mashabiki wa United ni wengi. Ni wengi kweli, lakini siri ni nyingine. Wa Arsenal nao wanakuja, wa Chelsea wanakuja, wa Liverpool wanafika mapema kuwahi benchi la mbele, na hawaji kuitazama United ikicheza, wanakuja kuitazama ikifungwa. City wakifungwa, nani anashangilia mtaani kwetu? Wachache sana. Wolves wakifungwa ndiyo kabisa, hakuna anayejua. Lakini United ikila mbili, pale pana watu wasiosalimiana tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wanakumbatiana. Muuza karanga anamaliza beseni. Mwenye kibanda, ambaye sijawahi kumsikia akitaja timu yake, Desemba ile alinunua spika mpya.

Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Timu inayoshinda inamfurahisha shabiki wake tu na kuwaudhi wengine wote. Timu kubwa inayofungwa inamuumiza mmoja ili wafurahi sita. Piga hesabu mwenyewe uone ipi inaufaa umma. Wanaobeti nao walifaidika. Kuna vijana wa United mtaani waligundua kwamba mkeka ukiweka ushindi wa mpinzani, hauchaniki kirahisi: United ikifungwa unapata hela, ikishinda unapata raha, na lililobaki ni dhamiri, ambayo haichajiwi tozo.

Halafu kuna elimu. Enzi za kocha Ferguson, mataji 13 ya ligi kati ya 1993 na 2013, tulikuwa mashabiki mbumbumbu. Tulijua Giggs yuko kushoto na dakika za nyongeza ni zetu, basi. Nani aliwahi kuutazama msimamo wa ligi chini ya nafasi ya nne? Msimu ule kijana wa United alikutajia timu za nafasi ya 12 hadi 18 pamoja na tofauti ya mabao, kwa sababu aliishi nazo jirani. Anajua Bournemouth iko pwani ya kusini mwa Uingereza. Anajua mfumo wa 3-4-3 unataka mabeki wa pembeni wa namna gani, na anajua kwa nini hatukuwa nao.

Na historia, ee Mola. Kila kipigo kilikuja na mwaka wake mkononi. Desemba tulifungwa mara sita katika mashindano yote, tukaambiwa mwezi wa namna hiyo haujaonekana tangu Septemba 1930. Tukatafuta 1930, tukakuta msimu ule United ilifungwa mechi 12 za kwanza za ligi mfululizo, ikaruhusu mabao 115, ikashuka daraja. Tukasema kumbe sisi tuna nafuu. Tukafunga mwaka chini namna ambavyo hatukuwa tumeufunga tangu 1989. Kisha Januari 19 wakaja Brighton, wakaondoka na tatu kwa moja, na hapo wataalamu wa takwimu wakavuka karne: kufungwa mechi sita kati ya 12 za kwanza za nyumbani kwenye ligi, mara ya mwisho ilikuwa 1893/94. Mwaka huo klabu haikuwa na jina hili. Iliitwa Newton Heath, na jina la Manchester United lilikuja 1902. Newton Heath wakamaliza msimu wakiwa wa mwisho, wakapewa mechi moja ya kujiokoa, wakafungwa mbili bila. Na nani? Liverpool. Nimekaa na mashabiki wa United zaidi ya nusu ya umri wangu na hakuna aliyewahi kuniambia habari hii. Ilibidi Brighton waje kutufundisha. Timu nyingine gani inampa mpenzi wake sababu ya kufukua mambo ya 1894 Jumapili jioni?

Nisipomsifu kocha nitakuwa mchoyo. Erik ten Hag alitimuliwa Oktoba 28 akiiacha timu ya 14. Ruben Amorim akaja Novemba kutoka Sporting ya Ureno na 3-4-3 yake, na miezi miwili baadaye timu ilikuwa ileile pale 13, 14. Ila kijana yule alikuwa mkweli kupita kiasi cha kazi yake. Mapema kabisa alionya kwamba dhoruba inakuja. Makocha wengine huahidi jua, yeye aliahidi dhoruba na akaileta kwa wakati. Baada ya Brighton akasimama mbele ya waandishi akasema huenda hii ndiyo timu mbovu kuliko zote katika historia ya klabu. Wengi waliona amekosea, kwamba mkubwa hasemi hivyo mbele za watu. Mimi nilikuwa kijiweni kesho yake asubuhi, na niliyoyaona yalinitosha. Kaka mmoja wa Arsenal, mwenye kipaji kikubwa cha utani, alifika amejiandaa. Akafungua mdomo. Tukamwambia, shemeji, hayo ameshasema kocha wetu jana. Akajaribu la pili, nalo kocha alishalisema. Alikunywa kahawa yake akaondoka bila kumaliza kashata.

Kuna jambo moja la Desemba ile nashindwa kulipamba. Mechi ya Newcastle, dakika ya 33, kocha akamtoa Joshua Zirkzee, na uwanja wa nyumbani ukashangilia kutolewa kwake. Kijana akapitiliza moja kwa moja kwenye njia ya kwenda vyumbani. Kibandani kwetu nako walishangilia baadhi, na walikuwa wa kwetu, si watani. Mchezaji akicheza vibaya anatolewa, ndiyo kazi ya benchi. Lakini kumpigia makofi mtu wako anayetoka ameinama ni ushamba, na sijali aliuzwa paundi milioni ngapi kutoka Bologna. Chini ya wiki mbili baadaye, Januari 12, Kombe la FA, ugenini kwa Arsenal, wachezaji kumi baada ya Dalot kupewa nyekundu, sare ya moja moja hadi matuta, penalti ya mwisho ya ushindi aliifunga nani? Zirkzee. Wale waliomshangilia akitoka waliruka juu zaidi ya wote, mmoja akagonga kichwa kwenye bati. Sikumpa pole.

Na hapa nafikia sifa ngumu kuliko zote, ambayo asiye shabiki hataielewa. Timu mbovu kweli ina huruma: inafungwa kila wiki, unazoea, unahamia kwenye mambo yako, unaanza kuhudhuria vikao vya harusi za watu. United haikutufanyia hivyo. Desemba 15, kwa City, tumelala moja bila hadi dakika ya 88, watu wameshaanza kuchomoa viatu chini ya benchi. Penalti, Bruno, moja moja. Dakika mbili hazijapita Amad Diallo anampiga kipa chenga ya kumzunguka, pembe nyembamba, mbili moja. Nilimwona mzee wa makamo, mwenye kanzu, akikimbia nje kuelekea barabarani bila sababu yoyote na kurudi. Januari 5, Anfield, kwa Liverpool, vinara wa ligi, tukatoa sare mbili mbili, na dakika za majeruhi Harry Maguire akabaki na lango mbele yake, akapaisha. Januari 16 Southampton, timu ya mwisho kwenye msimamo, walituongoza hadi dakika ya 82. Amad akafunga matatu peke yake kabla ya filimbi. Siku tatu baadaye, Brighton.

Unaona ufundi wake? Kila shabiki alipokaribia kupona alipewa dozi nyingine. Haikuwa ya kutosha kumfurahisha mwezi mzima, ilikuwa ya kutosha tu kumrudisha benchini Jumapili na buku yake mkononi. Ugonjwa mkubwa wa shabiki ni kufungwa kidogo kuliko alivyotarajia.

Wenye mali nao walielewa hilo haraka kuliko sisi. Familia ya Glazer waliinunua klabu 2005 na kuibebesha deni la kuinunulia. Jim Ratcliffe akaingia Februari 2024 na zaidi ya robo ya hisa, na mwaka huohuo wakapunguzwa wafanyakazi wapatao 250. Katikati ya msimu, wakati timu iko pale nilipoeleza, tiketi zilizobaki zikapandishwa hadi paundi 66, mtoto na mzee bei moja. Ilikuwa karibu shilingi laki mbili za kwetu. Wenzetu wa Manchester waliandamana, na wana haki yao. Lakini tazama imani iliyomo ndani ya bei ile: mfanyabiashara gani mwingine duniani bidhaa yake ikioza anapandisha bei, na foleni haipungui? Paa la uwanja lilivuja Mei 2024 baada ya mechi ya Arsenal, maji yakamwagika toka juu mithili ya bomba la mtaani lililopasuka, na watu wakarekodi kwa simu huku wamelipia viti vya chini yake. Sisi wa kibandani bati letu nalo linavuja. Ila la kwetu buku.

Wapo pia waliojaliwa zaidi yangu, Simba hapa nyumbani na United kule. Watani wao Yanga walibeba ubingwa wa Tanzania Bara kila msimu kuanzia 2021/22 hadi 2024/25, kwa hiyo hawa wikiendi yao haikuwa na pa kukimbilia: Jumamosi Yanga, Jumapili Bournemouth. Nikikutana nao huwa nawapisha njia.

Kisha likafunguliwa dirisha dogo, na kwa desturi hapo ndipo kila shabiki anakuwa mkurugenzi wa usajili. Kijiweni tulinunua washambuliaji wanne kabla ya adhana ya Alasiri. Klabu, kwa busara yake, ilikuwa na njia nyingine ya kutafuta vipaji, nasi tukaijua baadaye. Msimu ulipokwisha, wa 15, pointi 42, vipigo 18 kwenye ligi, usajili wa kwanza mkubwa wa Juni 2025 ulikuwa paundi milioni 62.5 kwa Wolves. Mchezaji mwenyewe Matheus Cunha. Hakuna skauti aliyetumwa Amerika Kusini, hakuna kompyuta iliyowashwa. Aliyetufunga kwa kona ya moja kwa moja Boxing Day aliitwa, akapewa jezi. Yule fundi wa pikipiki alipoisikia habari alinyamaza kidogo, akafuta mikono kwa kitambaa chenye oili, akauliza kama na Son wameshampelekea ofa.